Usiagize Kuku

"Kambakoche," Darla alimwambia mhudumu, macho kayakaza kwa mumewe. "Na steki, ile kubwa kuliko zote."

Wendell aliagiza supu ya nyanya na maji ya bomba.

Ilikuwa Jumamosi mchana, siku ya sita na ya mwisho ya likizo yao Florida, na siku zote hizo mwanamume huyo alikuwa akila kama mgonjwa. Asubuhi kipande cha mkate, mchana supu. Dereva wa basi la shule, kilo mia na kumi, mtu asiyebakiza hata chipsi moja kwenye sahani, leo eti supu inamtosha. Darla alijua anachokifanya, na kilikuwa kinamchoma roho.

Ugomvi ulianzia nyumbani Indiana, mwezi wa tatu. Bustani ya burudani waliyopanga kwenda huko Florida huuza mpango wa chakula. Unalipa kabla hujafika, kisha unakula mara mbili kwa siku, na sahani yoyote inahesabiwa sawa, iwe ya dola ishirini au sabini. Wendell alisema huo ni wizi wa mchana kweupe. Watu wanne wanaokula baga na kuku hawawezi kurudisha dola elfu moja na mia tisa, labda wale na meza. Darla akamjibu kwamba hela ni zake, bakshishi za miaka mitatu za kuosha na kukata nywele za watu, na hakuzikusanya ili akale baga.

Hakumwambia yote. Utotoni, mara chache walipokwenda mgahawani, mama yake alikuwa akisoma menyu upande wa kulia tu, kwenye bei, halafu anasema hana njaa. Sasa binti yake Brynn, miaka kumi na miwili, alikuwa ameanza kusoma upande huohuo. Darla alitaka wiki moja tu, wiki moja katika maisha yao, wasichana wake wale bila kutazama bei.

Mwishowe Wendell alifungua kompyuta, amenuna, akalipia mpango mbele ya macho ya Darla. "Haya," akasema. "Utakuja kuniambia."

Wanawake wa mtandaoni waliokwishakwenda walikuwa na kanuni moja: usiagize kuku. Ukiagiza kuku umewapa wenye bustani zawadi. Basi Darla hakuagiza kuku. Tangu Jumatatu yeye na wasichana walikula vya ghali mchana na jioni. Bangili za plastiki walizovishwa mapokezini, zilizounganishwa na kadi ya benki, zilifungua mlango wa chumba, na mezani unaigusisha tu kwenye kimashine cha mhudumu, basi, mmemaliza.

Wendell ndiye aliyemtibua. Kila risiti ikija anaidaka kabla haijagusa meza, anaikunja, anaitia mfukoni. Anajumlisha, Darla alijisemea. Anajinyima makusudi ili mpango uonekane hasara, turudi nyumbani aimbe wimbo wake wa miaka kumi na minne: nilikwambia.

Jumanne alisema, "Leo tule baga basi, Darla." Darla akaagiza kamba wakubwa wa watu wawili. Jumatano akasema, "Darla, kuna jambo nataka tuzungumze." Darla akamwambia kama linahusu chakula, lisubiri. Amechoka na mtu mwenye mkono wa birika hata kwa hela isiyo yake.

Sasa mhudumu alimgeukia Brynn. Mtoto alikuwa anatembeza kidole upande wa kulia wa menyu.

"Kuku tu," Brynn alisema.

"Kuku ni mzuri," Wendell akadakia. "Mletee kuku."

Darla aliweka glasi yake chini.

"Nikwambie kitu, Wendell, na hao wa meza ya pili wasikie kama wanataka. Siku sita umeninunia. Siku sita unashinda na njaa ili unikomoe. Maji yakishamwagika hayazoleki. Hela imeshatoka, haitarudi hata ukikonda ukabaki mifupa. Lakini mwanangu humfundishi ubahili wako nikiwa hai."

"Darla, nakuomba."

"Usiniombe. Subiri supu yako."

Mhudumu akajifanya anaandika. Darla alimnyang'anya Brynn menyu, akaifunga, akaikalia.

"Usisome, mama," alimwambia bintiye, sauti imelainika. "Sema tu. Moyo wako unataka nini?"

Brynn alimtazama baba yake, akamtazama mama yake. Halafu akaanza kutaja, kwanza kwa woga, kisha kwa raha. Steki. Kambakoche. Viazi vya jibini. Keki ya chokoleti, na aiskrimu juu yake. Mdogo wake Kaylee akasema naye anataka hivyo hivyo, vyote. Hakuna aliyeuliza ni kiasi gani. Darla alilazimika kugeukia dirishani ajifute macho.

Mhudumu alipoondoka, hasira zake zilikuwa zimeshuka kidogo. Alikuwa ameshinda, na aliyeshinda anaweza kusikiliza.

"Haya," alimwambia mumewe. "Toa hilo lililokukaa rohoni tangu Jumatano. Ila ukisema nilikwambia, nakumwagia maji."

Wendell hakuinua uso.

"Mpango niliufuta wiki moja kabla hatujaondoka," alisema. "Nilitaka nikutunzie hela zako." Akatoa risiti zote mfukoni, akaziweka mezani. "Hela ziliisha Jumatano."