Mafuta ya Jirani

"Dirisha ni lako, lifunge mwenyewe," alisema Mama Mwiko, mgongo kaugeuzia mlango. "Mimi moto wangu siuzimi."

Foleni ya kantini ilisogea karibu, sahani mkononi, njaa imesahaulika. Mchuzi wangeukuta palepale. Ugomvi wa mpishi na Dokta wa maabara ya jirani haukuwa wa kila siku.

Dokta alisimama mlangoni na koti lake jeupe, mikono kiunoni. Alikuwa akidai kwamba moshi wa mafuta ya kantini unapenya dirishani kwake na kuwalisha bakteria wake. Karani mmoja akauliza kama na wao wanapanga foleni. Watu wakacheka hadi vijiko vikagongana.

Dokta hakucheka. Aliwaeleza kwamba kila bakteria amevaa ngozi nyembamba ya mafuta, na dawa yake mpya inaua kwa kuitoboa ngozi hiyo. Lakini bakteria ni mjanja kama mpangaji mzoefu. Akiokota mafuta ya nje, anayatia kwenye ngozi yake, na dawa inakosa pa kushika. Mwanzoni dawa ilikuwa ikifagia chupa nzima ya bakteria. Siku hizi bakteria wanaioga tu.

Na kesho wakuu wanakuja kuiona ikifanya kazi. Ikishindwa, maabara inafungwa na chumba anapewa mwingine.

Hapo macho yote yakamhamia Mama Mwiko. Hakuna asiyejua kwamba ameshakiomba chumba hicho mara kadhaa, apate pa kuweka meza zaidi.

"Sawa," alisema Mama Mwiko, akigeuka taratibu. "Nawanenepesha wadudu wako ili nikuhamishe. Na ufunguo wa mlango wako ninao mimi?"

Hakuwa nao. Ufunguo anao Dokta peke yake, na hapo akajipiga kifua: chupa zile haziguswi na mtu mwingine, anazilea kama mzazi na kichanga. Zinapulizwa hewa mchana na usiku ili bakteria wakue vizuri. Zamani povu lilikuwa likifurika hadi sakafuni. Sasa meza yake inang'aa. Hata zile za kesho amezipandia bakteria asubuhi hiyohiyo, hazijaanza kutoa povu, na ataziangalia mwenyewe.

"Kwa hiyo kama si moshi wako, mama, ni nini?"

Mlinzi wa lango alimnong'oneza karani kwamba dunia hadaa. Hawa wawili hadi juzi walikuwa chanda na pete. Dokta alikuwa akishinda humu jikoni, anachambua maharage huku wakichambua habari za jengo zima, nani kahama, nani kaposa, nani kanuniana na nani. Leo wanazozana kama wake wenza.

Wakati huo sufuria kubwa la maharage likaanza kufoka. Povu lilipanda, likasukuma kifuniko, likachungulia ukingoni. Mama Mwiko hakukatiza hata maneno yake. Huku akimuuliza Dokta tangu lini moshi ukawa na miguu ya kuingia ndani ya chupa, alinyoosha mkono rafuni, akachukua kichupa cha mafuta na kudondosha tone moja. Povu likanywea lote, likatulia kama mtoto aliyepata titi.

Dokta alikuwa amefungua mdomo kujibu.

Alilitazama sufuria. Akakitazama kichupa. Foleni nzima ikangoja, na karani akasahau hata kutafuna kijiti chake cha meno. Polepole sana, Dokta akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akatoa kichupa kingine, pacha wa kile cha rafuni, mafuta yake yamebaki nusu.

"Hicho si nilikupa mimi?" aliuliza Mama Mwiko. "Ulisema una vitu vinakufokea povu. Vimetulia?"

"Vimetulia, mama," alisema Dokta, kwa sauti ndogo. "Kila chupa, tone moja."

Mama Mwiko alimwangalia, akaangalia kichupa, akauma mdomo asicheke. Kisha akavuta kigoda kwa mguu na kupakua sahani iliyojaa.

"Kirudishe rafuni, mwanangu," alisema, "uingie ule."