Jani kutoka Kilindini

Tangu mafuriko yamchukue mumewe, Sikudhani alikuwa hajakubali asomewe khitma. "Mmemzika wapi hata mumsomee?" alimjibu shemeji yake, kisha akarudi kwenye kibarua chake bandarini, kuosha mabomba ambayo watafiti walitolea tope la kilindini mwa bahari.

Asubuhi ile mtafiti Kheri alipasua bomba moja. Ndani ya tope jeusi mlikuwa na jani, mishipa yake bado mizima.

"La wapi hili?" Sikudhani aliuliza.

"La huko kwenu juu, dada. Mto ukifurika hauishii pwani. Tope lake huporomoka mpaka sakafu ya bahari, na kila ulichobeba hufukiwa huko."

"Hakirudi?"

"Hakirudi. Kuna giza na baridi, hata kuoza ni kwa shida."

"Na mtu je?"



Kwao wanawake hawakwenda makaburini, lakini walijua kwamba kila mwanamume humtupia marehemu mchanga mara tatu. Sikudhani alikaza mtandio wake, akachota tope kwa mkono wa kulia, akalifunika jani. Akachota tena. Kheri alikuwa bado hajalipima jani hilo, ila hakumzuia.

Mara ya tatu mkono ulibaki juu, tope likichuruzika polepole kati ya vidole.