Vipande Saba vya Mmea wa Bi Mwanahawa

Ifahamike kwa wote kwamba Jumamosi ile palifanyika upasuaji mkubwa katika bweni la wasichana. Daktari bingwa alikuwa Tunu wa kidato cha pili, na kifaa chake kilikuwa mkasi wa kucha.

Mgonjwa alikuwa mmea wa kutambaa wa Bi Mwanahawa, mlezi wa bweni, kumbukumbu pekee ya marehemu mama yake. Ulikuwa umerefuka kutoka dirishani hadi mlangoni, mtupu kama kamba, na majani machache nchani. Bi alipokwenda likizo alimwachia Tunu amri moja tu: aumwagilie maji. Tunu akaukata vipande saba, kila kimoja na kifundo chake cha kuotea mizizi, akavitia majini katika vikombe vya chai vya wenzake.

Kila asubuhi alivichungulia, asione kitu. Siku ya kumi Bi Mwanahawa akarudi.

"Tunu, mmea wangu ulikuwa unafika mlangoni."

"Umerudi nyuma kidogo, Bi."

"Na wale saba wanaokunywa chai vikombeni?"

Tunu akainamisha kichwa. "Niliukata mimi, Bi. Nilitaka ujae kila dirisha. Sasa naogopa nimeuua."

 Bi alisogeza kikombe cha karibu, akachovya kidole, akapapasa chini ya kifundo.

"Lete mkono."

Tunu akachovya kidole chake kando ya kile cha Bi, akahisi kitu kidogo, kigumu, kama jino la mtoto mchanga linalopasua ufizi.