Safari ya Orrin na Wenzake

Wale wazee wawili walipopiga breki, Orrin naye alipiga breki. Waliegemeza baiskeli kwenye mti na kukaa ukingoni mwa mto Yellowstone kunywa maji. Yeye alikaa hatua chache nyuma yao, akafungua chupa yake.

"Vern, pumua basi, au nikuitie ambulensi?" alisema Delbert, yule mwembamba.

"Liitie hilo pua lako. Limefika hapa dakika tano kabla yako."

Waliangua kicheko. Orrin naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo. Hakuna aliyegeuka.

Simu yake ikaita. Alikuwa Marlys, mkewe, kutoka kitandani hospitalini kule Billings.

"Nawasikia," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua tangu jana. "Nani huyo anayecheka hivyo?"

"Delbert. Amemtania Vern mpaka maji yamempalia mwenyewe."

"Vizuri. Kaa nao, mzee wangu. Usiniwaze."

Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu daktari aseme hakuna dawa tena. Marlys hakulia. Kilichomtesa kilikuwa kimoja tu. Miaka arobaini na sita walikuwa wameishi wawili kwenye shamba lao la ng'ombe, hawakujaliwa mtoto, na Orrin hakuwa mtu wa watu. "Nikiondoka utabaki na nani?" alimuuliza kila siku. "Utapiga soga na ndama?" Hatimaye Orrin akamwambia ana marafiki, tena wamemwalika waende pamoja Jumamosi kwenye rodeo, mashindano ya kupanda mafahali wakali. Marlys alifurahi hadi akaomba supu. Ndiye aliyemfukuza wodini asije akachelewa.

Alasiri uwanja wa rodeo ulifurika. Vern na Delbert walipata nafasi safu ya tatu, na Orrin akakaa safu ya nne, nyuma tu ya mgongo wa Vern. Bia zilizoletwa zilikuwa mbili. Wimbo wa taifa ulipoanza, watu wote walivua pama zao, naye akavua yake, lakini kwa upweke hakuweza kuimba.

Lango likafunguliwa. Fahali mwekundu alitoka akijirusha kama aliyekanyaga moto. Kijana aliyekuwa mgongoni alidumu sekunde saba, akala vumbi.

"Saba!" Vern alipiga kelele. "Amebakiza moja tu apate alama! Mimi ningefika nane."

"Wewe? Wewe hata kwenye kiti cha kunyolea wanakufunga mkanda!"

Safari hii Orrin alicheka pamoja nao, kicheko cha kweli, na kwa muda mfupi akasahau kila kitu. Alipokumbuka, aliona aibu. Akampigia Marlys.

Alimsimulia yote: fahali, vumbi, kiti cha kunyolea. Marlys alicheka kidogo, kisha akatafuta pumzi.

"Orrin, nimechoka. Nataka kulala. Mpe simu Vern kwanza."

"Kuna kelele sana hapa, mke wangu."

"Neno moja tu. Nikimsikia, roho yangu itatulia."

Orrin aliutazama ule mgongo mpana mbele yake. Fahali mwingine alishaingia uwanjani na watu walikuwa wamesimama. Aliiziba simu kwa kiganja, akainama, akamgusa Vern begani.

"Samahani, bwana," alisema. "Hunijui. Nimewafuata tangu asubuhi. Mke wangu yu mahututi, yuko kwenye simu hii, na nimemwambia wewe ni rafiki yangu."

Vern alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akaipokea simu.

"Shemeji," alisema, "pole na kuumwa. Ni mimi, Vern."