Harufu ya Jani

Mtafiti alimwonyesha mama yake miche miwili ya mahindi ndani ya banda la vioo.

"Huu tumeupandikiza jeni ya kujikinga na viwavi, mama. Ule wa kawaida umetafunwa wote."

Mama, aliyezeekea shambani, alisugua jani bichi la mche usiotafunwa kwa vidole, akavinusa.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "kama unajikinga wenyewe, dawa umeupulizia ya nini?"

Mtafiti aliinamisha uso. Juzi viwavi waliuvamia hata huo, naye akapulizia kwa siri. Mama alifuta vidole kwenye gauni bila kumtazama.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa maabara aliingia na wageni, kamera mkononi.

"Msipige picha kwanza," mtafiti akasema.