Msomaji wa Bwana Mkwizu

Bwana Mkwizu ndiye aliyekadiria muda wa kumaliza kila kozi ya mtandaoni. Ile ya usafi wa wodi aliiandikia saa mbili. Shemsa, mfagiaji wa hospitali, aliingia ofisini kwake bila hodi.

"Mimi imenichukua siku nne," alisema. "Msimamizi kaninyima mkataba, eti mvivu. Hizo saa mbili ulizipata wapi?"

"Mama, nilimpima msomaji wa kawaida."

"Nani huyo?"

Mkwizu alikohoa. "Mimi mwenyewe."

"Haya, soma tena. Kwa hii."

Akamtupia simu yake yenye kioo kilichopasuka, akavuta kiti hadi mlangoni, akakaa. Mkwizu alibonyeza video ya kwanza. Ikakwama, kiduara kikazunguka. Akanyoosha mkono kwenye kompyuta yake, lakini Shemsa akainuka na kuifunga.

"Hiyo mimi sina."

Saa mbili zilipotimia, Mkwizu alikuwa kwenye somo la tatu kati ya kumi na mawili, shati limemganda mgongoni.

"Naomba nitoke kidogo," alisema.

"Endelea, mvivu wewe," alisema Shemsa.

Kwenye kioo kilichopasuka, kiduara kilikuwa bado kinazunguka.