Bendera ya Marehemu

Yangki alipanda kilimani kuitazama bendera nyeupe ya marehemu mumewe, akaukuta mlingoti mtupu. Bendera ilikuwa shingoni mwa mgeni mmoja mrefu, anajipiga picha, na mji mkuu wote, mdogo hata ungeumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, uko bondeni nyuma yake.

"We mtu huna haya? Hiyo ni ya maiti!"

Sangay, kiongozi wa watalii, alikuja mbio. "Mama, tusamehe. Alidhani pambo tu. Atakununulia nyingine."

"Nyingine ya nini? Hiyo imeandikwa dua za kumwombea mume wangu, upepo umpelekee mpaka ichakae yenyewe. Mimi mkewe siruhusiwi kuishusha, huyu anaifanya skafu!"

Mgeni aliivua, uso umemwiva. Kamba alikuwa ameikata kwa kisu, mlingotini isingeweza kurudi.

"Mwambie ainyanyue," alisema Yangki. "Juu! Juu zaidi!"

Mgeni akanyoosha mikono. Upepo ukaidaka bendera, ikawa inamchapa usoni. Yangki akaketi juu ya jiwe, akajifunga shali vizuri.

Mikono ya mgeni ikaanza kutetemeka. Sangay akamtazama mama kwa kumsihi, lakini Yangki alikuwa anaitazama bendera tu.